Breka ya Gari la Bwana Salum

Robi mwanangu,

Sijui utaisomea wapi barua hii. Kama gari la Bwana Salum litaondoka kesho alfajiri, utaisomea melini, umekaa juu ya sanduku lako. Lisipoondoka, utaisomea hapa hapa nyumbani, na huenda hutataka kuisoma wala kuniona uso. Ndiyo maana naandika bila kutulia. Naketi, naandika mistari miwili, nainuka kwenda kulitazama gari, narudi, nakuta nimesahau nilichotaka kusema. Kalamu ina mafuta ya gari na karatasi nayo sasa ina mafuta. Nivumilie.

Mambo ya kunawa, ya kula, ya kutowaazima wenzako kanga zako, mama yako ameyasema tangu Jumapili. Mimi siyarudii. Akikumbuka lingine atalikimbiza gari barabarani, unamjua.

Gari lenyewe liko hapa uani, na jua bado ni kali. Ni lile lori la jeshi ambalo Bwana Salum alilinunua Nairobi baada ya vita, na mimi ndiye ninayelitunza kwa sababu magari ya namna ile niliyajulia jeshini. Sasa taa zake zinaumwa. Jana usiku, likitoka Sirari na mzigo, taa zilizima zikawaka, zikazima zikawaka, njia nzima. Dereva aliposhuka akasema kwamba kwenye kona moja alikuwa anaendesha kwa kukumbuka tu. Leo asubuhi nimeziwasha mimi, zikawaka vizuri kabisa, utadhani yule dereva alikuwa amelewa. Huo ndio ugonjwa ninaouchukia, ule unaojificha mganga akija.

Na wewe huna budi kuondoka gizani. Lisipoondoka kabla ya jogoo, halitawahi kivuko cha mto Mara. Ukikosa kivuko umekosa meli Musoma, na masista wamesema wazi kwamba chuo cha wauguzi hakimngoji mtu, nafasi yako atapewa mwingine. Gari lingine la kwenda huko ni wiki ijayo. Kwa hiyo safari yako yote imekaa juu ya taa hizi.

Bwana Salum alikuja kabla ya chakula, na kofia yake na adabu zake za pwani. Huyo hata akikasirika utadhani anakukaribisha chai. Akaniambia, "Mzee Marwa, fundi ni wewe. Ukisema linakwenda, linakwenda. Ukisema haliendi, haliendi. Mimi sitaki kuua watu kwa sababu ya ngozi za ng'ombe." Akaondoka. Akaniachia neno hilo mdomoni, na tangu hapo sina raha.

Maana hakupita muda akaja baba yako mkubwa, Chacha. Akavuta debe, akakaa, akanitazama nikiwa chini ya gari.

"Mura, mdogo wangu, gari hili bovu."

"Sijajua bado."

"Sema ni bovu. Neno moja tu. Hujamkataza mtoto, hujagombana na masista. Gari limekufa, utafanyaje? Jumamosi watu wa Kemambo wanafika, wanamkuta yupo."

Unajua anachokitaka. Watu wa Kemambo wanakutaka kwa kijana wao, na ng'ombe wako ndio watakaomwozea kaka yako Mwita. Ndiyo desturi yetu, kaka huoa kwa ng'ombe wa dada, na mimi mwenyewe nilimwoa mama yako kwa ng'ombe wa shangazi yako. Mwita hajasema kitu. Asubuhi yote amekuwa akiniletea maji na vyuma bila kunung'unika. Lakini nimemwona akilitazama zizi, Robi, na mimi si kipofu. Anakupenda, na pia anataka kuoa. Mambo yote mawili ni kweli.

Nilimwambia Chacha aniache nifanye kazi. Lakini sikumwambia hapana. Hilo nataka ulijue, kwa sababu mtu akikuambia baba yako alisimama imara tangu mwanzo, atakuwa anakudanganya.

Ngoja. Nimekwenda tena kutazama. Bado zinawaka vizuri. Shetani wa gari!

Sasa nikueleze ninachokifanya kule chini, maana umekua ukiniona matako juu kwenye injini na hujawahi kuniuliza. Katika magari haya kuna kibati kidogo, ukubwa wake kama kiberiti, chenye misumari miwili ya shaba. Jeshini tulikiita breka. Umeme unatoka kwenye betri, unaingia kwa msumari mmoja, unatokea kwa wa pili kwenda kwenye taa. Ndani mna ulimi wa chuma. Mahali popote waya ukichubuka na kugusa chuma cha gari, umeme unapita kwa fujo, ule ulimi unapata moto, unajikunja, unakata. Taa zinazima. Ulimi ukipoa unarudi wenyewe, taa zinawaka. Kama kosa bado lipo, unakata tena. Unausikia, tak, tak, tak.

Nilipokuwa mpya karakanani, kila gari lililokuja na ugonjwa huo mimi nilitoa breka, nikatupa, nikafunga nyingine. Nilijiona fundi hasa. Gari linaondoka, kesho linarudi, mimi natupa tena. Siku moja sajini wetu akaniita, akainua debe langu la takataka, akamwaga breka zote mezani. Akaniamuru nizipime moja moja mbele ya wenzangu. Zote zilikuwa nzima, Robi. Zote! Jamaa walicheka mpaka wakashika matumbo, na mpaka tunaachana mwisho wa vita waliniita Bwana Debe. Nilikuwa natupa kitu kinachopiga kelele, na kile kinachounguza nakiacha mle mle ndani ya gari.

Kupima si kazi ngumu, inataka subira tu, na subira ndiyo sikuzaliwa nayo. Unaanza kwa kufungua waya wa betri unaokwenda kwenye chuma cha gari, usije ukajichoma. Unaitoa breka, unaipeleka pembeni kwenye betri nyingine, unaipitishia umeme wa taa moja. Inatakiwa itulie. Halafu unaongeza taa, unaongeza, unaizidishia mzigo kuliko inaouweza, huku umetega sikio. Inatakiwa ikate. Ukiingoja ipoe, inatakiwa irudi. Inayokata ovyo kwa taa moja ni mbovu. Lakini ile unayoipakia mzigo wote ikanyamaza tu, ikapitisha kila kitu, hiyo ndiyo ya kuogopa. Hiyo gari litaungua nayo imekaa kimya.

Ya Bwana Salum nimeipima leo. Ni nzima, imekata nilipotaka ikate. Nikasugua misumari yake kwa msasa, nikarudisha waya wa betri upande wake na waya wa taa upande wake, nikakaza nati. Kwa hiyo kosa liko baada ya breka, kwenye nyaya za taa, na sijui ni wapi. Na yule dereva, kijana wa watu, ananiambia, "Mzee, si uunganishe tu huo waya moja kwa moja, uipite hiyo breka? Kila mtu anafanya hivyo." Kweli, kila mtu anafanya hivyo. Unachukua kipande cha waya, unafunga msumari kwa msumari, kelele inakwisha, taa zinawaka, tajiri anafurahi. Nimemtukana nikamfukuza. Baadaye nikaona nimemwonea, maana hakujua namkasirikia nani.

Niliyekuwa namkasirikia ni mimi, kwa ajili ya dada yako.

Wewe ulikuwa mdogo Bhoke alipoolewa Nyambureti. Unakumbuka ngoma, hukumbuki mengine. Mwaka haukuisha akarudi. Alifika jioni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akasema, "Tata, kule siwezi." Nikamuuliza wamekufanya nini. Akatazama chini. Sikumngoja aseme. Ng'ombe wake walikuwa wameshatoka, kaka yenu mkubwa alikuwa ameoa kwa hao, mke yuko ndani ana mimba. Binti akiacha ndoa ng'ombe hurudishwa, na mimi ningerudisha nini? Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamrudisha mwenyewe, kwa mguu, na njiani nilimwimbia methali zote ninazozijua.

Akarudi tena wakati wa mavuno. Safari hiyo mama yako alinishika shati akaniambia, "Msikilize kwanza!" Nikamwambia mama yako maneno ambayo siyaandiki. Nikamrudisha Bhoke.

Hakurudi tena. Na mimi, mwanangu, nilifurahi! Nilikaa na wazee wenzangu nikasema binti yangu ametulia. Mimi, fundi, niliyepita vitani nikifundishwa jambo hilo hilo kwa kuchekwa, nilisikia kimya nikadhani ni uzima.

Ukienda Nyambureti leo, Bhoke atakupokea. Atakutandikia ngozi, atasonga ugali, atakunawisha mikono. Mimi ananiamkia shikamoo na kukaa mbali, karibu na mlango. Nikimuuliza habari ananijibu nzuri. Siku moja mtoto wake wa kwanza alimwangalia mama yake alipojibu hivyo, kisha akaniangalia mimi. Sikuweza kumaliza ugali ule.

Sasa unaelewa kwa nini Chacha aliposema "neno moja tu", spana iliniponyoka. Neno moja ndilo nililokwisha kulisema mara mbili kwa Bhoke, na lilikuwa jepesi hivyo hivyo. Lakini angalia taabu yangu. Nikisema gari ni bovu, nimekuuza kwa Kemambo kwa mlango wa nyuma. Nikisema ni zima kwa sababu tu sitaki kumfurahisha Chacha, na kosa lipo, taa zitazima pale mteremkoni na wewe umo ndani. Pande zote mbili ni wewe. Nilitamani Bwana Salum angekuwa mtu mbaya, anilazimishe, nipate wa kumlaumu.

Mama yako ameniletea uji nikaurudisha. Akasema, "Leo unafanya kama kuku anayetafuta pa kutagia." Ni kweli.

Nimeacha kalamu hapo kwa muda mrefu, sasa jua linazama, na mengi yametokea. Nakuandikia haraka kabla sijasahau mpangilio wake.

Vijana wa Bwana Salum walikuja kupakia ngozi. Mimi niko mbele, taa zinawaka, nimetega sikio kwenye breka. Mzigo ulipofika nusu nikasikia tak. Taa zikazima. Nikapiga kelele, "Acheni! Msipakie!" Wakashuka wote wakidhani nimekatwa kidole. Wakiwa chini, taa zikawaka zikatulia. Nikawaambia pandeni. Tak! Shukeni. Kimya. Lo, nilicheka peke yangu kama mwehu. Asubuhi yote nilikuwa nalipima gari likiwa tupu, na gari halisafiri tupu.

Sasa nilitaka uzito, hao vijana ni wembamba. Chacha alikuwa amesimama na fimbo yake, akitabasamu kwa sababu taa zimezima. Nikamwambia, "Kaka, nisaidie, panda nyuma pale pembeni ukae." Akapanda. Unamjua baba yako mkubwa alivyo mnene. Alipokaa tu, breka ikaanza kulia bila kupumzika. Akasema kwa furaha, "Si nilikuambia bovu!" Nikamwambia, "Kaa hapo hapo, usitikisike." Nikaingia chini na tochi.

Nikatoa nyaya moja moja. Nilipoutoa wa taa za nyuma, kelele ikakoma, na za mbele zikabaki zinawaka. Nikaufuata waya ule wa nyuma kwa vidole, polepole, kuanzia mbele. Chini kabisa ya pale alipokaa Chacha, mtu mmoja zamani alipigilia mbao ili gari libebe ng'ombe, na bolti moja aliipitisha karibu na waya. Gari likiwa tupu, bolti haigusi. Likibeba mzigo, bodi inashuka, bolti inauma waya. Waya umechubuka mpaka shaba inang'aa. Robi, niliubusu. Mwita ni shahidi, alikuwa ananimulikia.

Mwita akaniuliza, "Ndiyo hilo, tata?" Nikasema ndilo. Akaweka tochi chini, akasema, "Nileteeni msumeno, hiyo bolti niikate mimi." Akalala chini akaikata, jasho linamtiririka machoni. Sikumtuma. Angeweza kukaa tu. Mwandikie kaka yako kabla hujaniandikia mimi. Ng'ombe wake tutawatafuta kwa njia nyingine, itachukua muda, na amelijua hilo alipokuwa anakata.

Nikaunga waya, nikauzungushia kitambaa cha mpira, nikaupitisha njia nyingine, mbali na chuma. Wakapakia ngozi zote. Nikawaambia vijana wapande juu, na Chacha naye, nikamwambia nataka kuhakikisha. Nikawasha injini na taa zote, za mbele na za nyuma. Nikawaambia warukeruke. Mimi nikaweka sikio.

Hapo ndipo nilipojiona, mwanangu. Nilikuwa nimeinama pale, wanaruka, gari linayumba, na moyoni mwangu nilikuwa naiomba breka ilie. Si kwa ajili ya ng'ombe. Nakuapia, wala sikumfikiria mtu wa Kemambo. Nilitaka ilie kwa sababu kesho jioni nitarudi kutoka kazini na hutakuwepo pale mlangoni kunicheka kwa matope niliyojipaka usoni. Nyumba hii wewe ndiye unayeichangamsha. Mama yako na mimi tumezoea kununa. Nilitega sikio nikaomba, kidogo tu, ikate mara moja tu, nipate neno.

Haikulia. Waliruka mpaka Chacha akachoka, akasema, "Inatosha, mimi si mbuzi," akashuka. Taa zimetulia ukutani, hazipepesi.

Bwana Salum akaja na kofia yake. "Ehe, fundi?" Watu wote wakanitazama. Chacha akanitazama kuliko wote, akasema kwa Kikurya, taratibu, asielewe mgeni, kwamba bado kuna nafasi ya kusema.

Kuna jambo moja la kukuambia kabla sijafunga, nalo ni hili. Huko uendako watakuwepo wakubwa wako, na wengine watakuambia vumilia. Mengine yavumilie, kazi ya uuguzi si lelemama. Lakini pakiwa na jambo linalokuunguza, sema. Niandikie, au mtume mtu, au panda gari uje, hata bila kiatu. Sitakuuliza watu watasemaje. Sitakupa methali. Nitakaa chini, nifunge mdomo wangu huu, nisikilize mpaka umalize. Keshokutwa nakwenda Nyambureti kumwambia Bhoke maneno haya haya. Najua nimechelewa, na huenda atanijibu habari ni nzuri. Nitakaa palepale mlangoni pake mpaka aamini kwamba safari hii nimekuja kusikia.

Mama yako anaita, anasema sanduku halifungiki. Naona unamcheka, nakusikia mpaka huku uani.

Nilimjibu Bwana Salum kwa sauti kubwa, ili na Chacha asikie, na mimi mwenyewe nisikie. Nilisema, "Linakwenda."

Nenda, mwanangu.

Baba yako,
Marwa